Maisha ya Zama za Kati (3): Mzee, Mjane na Mtoto

Wiki iliyopita tulimwacha kabaila wa Uingereza barazani, akiamua kesi za mipaka na mifugo. Leo tumrudie, maana daftari za mabaraza hayo zinatueleza hali ya wazee vizuri zaidi kuliko mahubiri ya kanisani.

Padri alihubiri amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wakulima wakaitikia amina, kisha wakaenda kuandikishana. Mzee aliyeishiwa nguvu alimkabidhi mwanawe shamba mbele ya baraza, naye mwana akakubali masharti: nafaka kila baada ya mavuno, nguo, viatu, kuni, chumba, au walau pa kukaa karibu na moto. Mwana akikiuka, mzee alishtaki, na shamba liliweza kurudi mikononi mwake. Asiye na mtoto alipatana hivyo hivyo na mtu baki. Wapo watakaosema huo ni upungufu wa mapenzi. Mimi naona watu walioijua njaa: chakula kikipungua, wa kwanza kusahauliwa ni asiyeshika jembe.

Uzee wenyewe ulichelewa kutambuliwa. Baada ya tauni kubwa, agizo la mfalme la mwaka 1349 liliwabana wasio na mali kufanya kazi hadi miaka 60, wanaume kwa wanawake. Usawa huo uliishia kwenye jasho, kwani mke hakuwa na kauli juu ya mali mumewe akiwa hai. Mume akifa, mambo yalibadilika. Kwa kawaida mjane alipata theluthi ya ardhi kwa matumizi ya maisha yake yote, na hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 ilikataza kumlazimisha kuolewa tena. Kabla ya hapo, wajane wa matajiri walimlipa mfalme fedha ili wasiozwe wasiyemtaka.

Na watoto? Mwaka 1960 Mfaransa Philippe Ariès alidai kwamba jamii ya enzi hizo haikuwa na dhana ya utoto. Wanahistoria wengi wamempinga, na vitu vidogo vya kuchezea vya metali vilivyofukuliwa ardhini haviko upande wake. Huko Florence, nchini Italia, chama cha wafanyabiashara wa hariri kilijenga nyumba ya watoto waliotupwa, Innocenti, iliyofunguliwa mwaka 1445. Wa kwanza kupokelewa alikuwa msichana, na wasichana waliendelea kuwa wengi kuliko wavulana. Sababu mojawapo haikufichika: huko aliyetoa mali ya ndoa ni baba wa binti, na gharama ilikuwa kubwa hata mji ukaanzisha mfuko wa akiba kwa ajili hiyo mwaka 1425.

Itaendelea