Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Malori yatokayo Mbeya kwenda Dar es Salaam hupita Makambako, Mafinga na Iringa kabla ya kuteremka mlima Kitonga, na vijana waishio kando ya barabara hiyo huyatambua kwa rangi na maandishi yake. Si ajabu basi kwamba baadhi ya vijana hutamani kuyaona hata katika Euro Truck Simulator 2, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Ucheki. Mchezo huo humruhusu mchezaji kubadili rangi ya lori, hata kuingiza gari aliloliunda mwenyewe.

Mchezo wenyewe una toleo la Linux, mfumo wa uendeshaji usiolipiwa. Zana kadhaa za kuubadili, kama ZModeler itumiwayo kuunda umbo la gari, ziliandikwa kwa Windows peke yake. Mwenye kompyuta kuukuu hana hiari kubwa: Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 huvikataa vichakataji vingi vya zamani.

Hapo ndipo ifaapo Wine, programu iliyoanzishwa mwaka 1993. Yafaa ieleweke kwamba Wine haiigizi kompyuta nyingine. Kichakataji ni kilekile, na hesabu za programu hukifikia moja kwa moja. Kinachohitaji tafsiri ni maombi: “nifungulie faili,” “nichoree dirisha.” Programu huomba kwa lugha ya Windows, Wine hulipokea ombi na kulitekeleza kwa njia za Linux, mfano wa mkalimani sokoni. Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, imejengwa juu ya Wine kwa ajili ya michezo.

Hata hivyo mkalimani huyu huwachanganya wengi katika jambo moja, nalo ni mahali pa mafaili. Zana ikihifadhi kazi katika diski C:, faili huangukia folda drive_c iliyo ndani ya .wine, na folda ambayo jina lake huanza na nukta hufichwa na Linux. Mchezo nao hutazama kwingine kabisa: .local/share/Euro Truck Simulator 2/mod. Mwanafunzi aweza kupoteza jioni mbili akidhani lori lake limeharibika, kumbe ni zima, ila halijahamishwa! Herufi nazo huponza: Wine huyachukua majina Lori.dds na lori.dds kuwa faili moja, lakini Linux huyahesabu kuwa mawili.

Dawa ni diski Z:, ambayo kwa kawaida Wine huitumia kuionyesha zana diski nzima ya Linux; kazi yaweza kuhifadhiwa humo moja kwa moja, mahali mchezo utazamapo. Lakini mlango huohuo huiachia zana isiyojulikana itokako nafasi ya kusoma na kufuta kazi nyingine za mtumiaji. Kwa hiyo katika kompyuta ya shule zana za namna hii hazina budi kufunguliwa akaunti yake peke yake, isiyo na mitihani wala alama za wanafunzi.