Nani Aliiambia Kompyuta Kwamba Ina Prosesa Nane?

Andika amri ya lscpu kwenye kompyuta yenye Linux, au fungua Task Manager kwenye Windows, nayo itakuonyesha idadi ya prosesa. Tuseme ni nane, zenye namba 0 hadi 7. Wengi wetu hudhani mfumo endeshi umezitazama ukazihesabu, kama mtu ahesabuvyo mayai kwenye trei. Sivyo. Mfumo endeshi huletewa orodha, huziita prosesa zilizomo, na inayoitika ndiyo hupewa kazi.

Tuchukue kompyuta za jamii ya x86, zinazotumia prosesa za Intel na AMD. Ukiwasha mashine, prosesa moja tu ndiyo huendelea na kazi; nyingine hukaa zikisubiri kuitwa. Hiyo moja huendesha kwanza programu iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, BIOS au UEFI, ambayo ndiyo inayojua kilichochomekwa wapi. Programu hiyo huandika majedwali kwenye kumbukumbu, kisha huukabidhi mfumo endeshi usukani.

Muundo wa majedwali hayo hutoka katika kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kwenye mashine za BIOS, mfumo endeshi hulazimika kuyasaka. Hupekua sehemu maalumu za kumbukumbu, mojawapo ikiwa kati ya anwani 0xE0000 na 0xFFFFF, ukiruka baiti 16 kila hatua, mpaka ukutane na herufi RSD PTR, alama ya kipande chenye anwani ya majedwali. Hata hapo hauamini upesi: hujumlisha baiti za kipande hicho, na jumla isipogawanyika kwa 256 bila baki, hukiacha na kuendelea kusaka. Kwenye UEFI mambo ni mepesi, kwani anwani hukabidhiwa mkononi. Kutoka hapo hufikia jedwali la MADT, lenye mstari mmoja kwa kila prosesa: namba yake ya maunzi, iitwayo APIC ID, na alama ya kueleza kama inaruhusiwa kutumika.

Sasa ndipo prosesa huitwa. Ile iliyo macho hutuma kwa APIC ID ya mwenzake ishara ya kuianzisha upya, kisha ishara ya pili inayobeba namba ya ukurasa wa kumbukumbu wa kuanzia kazi. Namba hiyo ina biti 8 na kila ukurasa ni baiti 4,096, kwa hiyo maelekezo ya kuamkia lazima yawe ndani ya megabaiti 1 ya mwanzo. Tena prosesa huamka ikiwa katika hali ya biti 16, kana kwamba ni 8086 ya mwaka 1978, hata kama imetoka kiwandani mwaka huu. Hupanda hadi biti 32, kisha 64, ndipo itangaze kwamba ipo. Isipoitika, mfumo endeshi huendelea bila hiyo.

Kwenye simu na mashine nyingine nyingi za ARM, orodha huja kwa njia ya maelezo yaitwayo devicetree, na kuamsha hufanywa kwa mwito wa PSCI. Utaratibu ni uleule: orodha kwanza, wito baadaye.

Linalowachanganya wengi ni namba. APIC ID ni anwani, na biti zake hueleza soketi, kiini (core) na uzi (thread). Namba unayoiona kwenye skrini ni ya foleni tu, iliyotolewa na mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za Intel zenye viini vinne na nyuzi nane huonyesha prosesa 0 hadi 7 zenye APIC ID 0, 2, 4, 6, 1, 3, 5 na 7, kwa mpangilio huo. Maana yake prosesa 0 na 4, zilizoachana kwenye foleni, ni pacha wa kiini kimoja. 0 na 1, zinazofuatana, ni viini tofauti kabisa.

Hapo ndipo msimamizi wa seva hukosea. Hutumia amri ya taskset kuzifunga kazi mbili nzito kwenye prosesa 0 na 4 akiamini amezitenganisha, kumbe amezibana chumba kimoja, zikigombea vifaa vilevile vya kukokotoa.

Kwa hiyo kabla ya kugawa kazi kwa mkono, andika lscpu -e na usome safu ya CORE. Prosesa zenye namba ileile katika safu hiyo zinashiriki kiini. Na idadi ikipungua kuliko uliyonunua, anza kukagua mipangilio ya BIOS au UEFI kabla ya kumlaumu muuzaji: mfumo endeshi hauwezi kuita jina lisilo kwenye orodha.