Sigd: Sala ya Mlimani Iliyohamia Yerusalemu

Msomaji wa Kiswahili hataona ugeni mkubwa katika jina Sigd. Ni neno la Kige'ez, lugha ya kale ya ibada nchini Ethiopia, na shina lake ni moja na la sijda na sujudu tulizozipokea kutoka Kiarabu. Hata nyumba ya ibada ya Wayahudi wa Ethiopia, wanaojiita Beta Israel, iliitwa mesgid, ndugu wa damu wa msikiti. Sigd basi ni siku ya kusujudu, na kwa vizazi vingi walisujudu wakiuelekea Yerusalemu, mji wasioujua ila kwa kusimuliwa.

Sikukuu hiyo huangukia siku ya 50 baada ya Yom Kippur, siku ya toba, mara nyingi mwezi wa Novemba. Katika kijiji cha Ambober, eneo la Gondar, watu walifika kwa miguu kutoka vijiji vya mbali. Asubuhi walivaa nguo nyeupe safi, wakaupanda mlima wakiwa wamefunga. Wengine walijitwika mawe, ishara ya unyenyekevu mbele za Mungu. Kule juu wazee wa dini, ambao mmoja huitwa kes na wengi kesoch, walisimama na miavuli yao ya rangi wakisoma Orit, yaani Torati, kwa Kige'ez, kisha wakafasiri kwa Kiamhari, maana waumini wengi hawakukijua Kige'ez. Watu waliungama, wakaomba warudishwe Yerusalemu na Hekalu lijengwe tena. Alasiri waliteremka kwa nyimbo, wakafuturu pamoja kwa mkate wa dabo.

Ombi lile lilijibiwa, lakini kwa machozi. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 maelfu yao walichukuliwa kwa ndege hadi Israel kutoka Sudan, walikofika kwa kutembea. Takriban watu 4,000 walikuwa wamefia njiani na makambini. Mei 1991 wengine zaidi ya 14,000 walisafirishwa kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa 36 tu. Sasa mtu aliyekuwa akiomba afike Yerusalemu aombe nini akishafika?

Mila nyingine zilikatika upesi. Tazama Pasaka. Huko Gondar wanaume walichinja kondoo, na akina mama, ambao walikuwa wafinyanzi hodari, walivunja vyungu vya mwaka mzima vilivyoingia chachu, wakaandaa vipya. Jiko zima lilianza upya kwa mikono yao wenyewe. Huko Israel walipewa nyumba za ghorofa, na sufuria za chuma hazivunjwi. Marabi wanaelekeza zitumbukizwe katika maji yanayochemka. Kondoo hachinjwi tena. Familia huketi mezani kusoma Haggada, kitabu cha Pasaka ambacho wazee wao hawakuwa nacho, na kitta, mkate usiotiwa chachu uliokuwa ukiliwa ungali moto, umeipisha matza ya dukani. Nasikitika kwa ajili ya vile vyungu. Mwanamke aliyekuwa akiitengeneza sikukuu kwa udongo, sasa anainunua.

Hanuka, sikukuu nyingine ya Kiyahudi, nayo hawakuijua kabisa. Watoto waliifunzwa shuleni, wakarudi nayo nyumbani, wakamwonyesha bibi namna ya kuwasha mishumaa. Mjukuu akawa mwalimu wa dini wa mzee wake, jambo zito katika jamii inayoinamia wazee.

Sigd peke yake ndiyo iliyogoma kufa. Mwaka 2008 Knesset, bunge la Israel, ilipitisha sheria kuifanya sikukuu ya taifa. Kila mwaka mabasi huja kutoka miji mbalimbali hadi kilima cha Armon Hanatziv, Yerusalemu. Kesoch hupanda jukwaani na miavuli ileile, sauti zikipazwa kwa spika, na baada ya sala wanasiasa hutoa hotuba. Vijana wengi hawafungi. Huja kutafutana, kukumbatiana na kupiga picha huku wazee wakisujudu mbele yao, na wapo wazee wanaoumia kuona hivyo.

Mimi siwalaumu vijana hao. Wengi wamezaliwa Israel, na bado wapo wanaodharauliwa kwa rangi ya ngozi zao. Siku hii moja hawalazimiki kueleza wao ni nani. Wanasikia Kige'ez, wanasikia majina ya vijiji ambavyo hawajavikanyaga, na shauku iliyokuwa ya kwenda Yerusalemu imegeuka kuwa shauku ya kuijua Ambober.

Kwa wazee sala haijaisha, kwa sababu Hekalu waliloliombea halijajengwa tena. Kilima cha Armon Hanatziv kiko kusini mwa mahali liliposimama, ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo kes anapofungua Orit, anageukia kaskazini, upande uleule alioelekea alipokuwa kijana juu ya mlima wa Gondar.