Diwani Akifariki, Nani Akalie Kiti?



Juzi nilikuwa Ibra, Sharqiyah Kaskazini, nikinywa kahawa kwa mzee mmoja aliyezaliwa Unguja. Kama mjuavyo, huku Ibra, Sur na hata Nizwa, ukitafuta wa kuzungumza naye Kiswahili hukosi. Nikampa habari za simu ya mama: mwakilishi wa wadi yetu huko Kenya amefariki, na hakuna wa kuulizia mradi wa maji. Mzee akashangaa: "Sasa mwanangu, si achukue wa pili?"

Swali hilo halikumtoka hewani. Hapa Oman kila wilaya huchagua mjumbe wa Baraza la Shura, na marekebisho ya Sheria ya Msingi ya mwaka 2011 yalifuata njia hiyo hiyo: mjumbe akiondoka kabla ya muda wake, huangaliwa mgombea anayefuatia kwa kura katika wilaya ile ile. Kwa lugha yetu mainjinia, ni pampu ya akiba iliyokwisha fungwa. Ya kwanza ikifa, unawasha ya pili.

Kwetu Kenya si hivyo. Mwakilishi wa wadi akifa, akijiuzulu, akihama chama kilichompeleka, au akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, kiti huwa wazi. Spika wa bunge la kaunti ana siku 21 za kuiarifu Tume ya Uchaguzi (IEBC), kisha uchaguzi mdogo hufanywa ndani ya siku 90. Aliyeteuliwa na chama hana uchaguzi mdogo. Nafasi yake hutoka kwenye orodha ya chama chake.

Mbona basi tusimchukue wa pili? Oman haina vyama vya siasa. Kwetu wa pili aghalabu ni wa chama pinzani, yaani yule yule ambaye wengi walimkataa. Kumpa kiti bila kuwauliza watu si haki. Na wallahi, nani angelala usingizi akijua mpinzani wake anangoja tu afe!

Lakini pampu mpya lazima awepo wa kuiagiza. Januari 2023 muda wa mwenyekiti wa IEBC uliisha, tume ikabaki bila makamishna mpaka Julai 2025. Mbunge wa Banissa, Mandera, alifariki Machi 2023. Watu wake walikaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025, siku ambayo wadi kadhaa nazo, kama Kariobangi North ya Nairobi, zilipiga kura. Siku 90 ziligeuka miaka miwili na nusu na zaidi!

Ndipo nilipomjibu mzee: njia yenu ni ya haraka, yetu inarudi kwa mwenye kura, mradi tume iwepo.

Sisi tulio ng'ambo kura yetu ni ya urais peke yake. Wadi haituhusu kwenye sanduku. Ila simu tunazo. Mimi nimemwambia mama aulize jambo moja tu: Spika ameshapeleka barua?  Nawe piga nyumbani uulize.

Tuonane toleo lijalo, inshallah.