Pikapu chakavu: breki kwanza, rangi baadaye

MFANYABIASHARA mdogo anayenunua pikapu iliyokaa miaka kadhaa bila matunzo hununua vitu viwili kwa mpigo: gari lenyewe, na deni la matengenezo lililoachwa na mwenye gari wa zamani. Bei huwa nafuu kwa sababu ya deni hilo. Wengi hulisahau, wakakimbilia Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta taa mpya na kupiga rangi. Mwezi haujaisha, gari liko juu ya mawe na nyanya zinaoza.

Mara nyingi tatizo si uchache wa fedha, bali mpangilio wa matumizi.

USALAMA

Fungu la kwanza ni la breki, tairi na usukani. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ikikaa miaka mingi huchemka mapema gari linaposhuka mlima na mzigo. Pedali huzama na gari halisimami. Tairi nayo huweza kuonekana nzima wakati mpira umekwisha zeeka. Tarakimu nne za mwisho za namba iliyo ubavuni hueleza juma na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016.

INJINI

Fungu la pili hulinda mtaji mkubwa. Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe siku ya kwanza, hata muuzaji akiapa kwamba vimebadilishwa juzi. Rejeta ifuate, kwani joto likizidi hupasua silinda hedi. Kwa Toyota Hilux zenye injini ya dizeli ya 2L, mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilometa 100,000. Taa ya onyo huwaka umbali huo ukifika, lakini huweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na bei ya mkanda mmoja hugeuka gharama ya kufungua injini.

KAZI ZA MWENYEWE

Akiba hupatikana katika kazi nyepesi: kubadili oili na chujio la hewa, kumwaga maji kwenye chujio la dizeli, kusafisha vichwa vya betri na kukagua mipira ya rejeta injini ikiwa imepoa. Seti ya spana hujilipa upesi. Hata hivyo, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. Stendi imara ni lazima. Breki na mkanda wa taimingi apewe fundi anayezijua, mwenye gari akiwa hapo akiona kipuri kikitolewa kwenye boksi.

Rangi, viti na redio vingoje gari lianze kuingiza fedha.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Mnunuzi makini huorodhesha kazi za mafungu mawili ya kwanza, huulizia bei za vipuri, kisha hujumlisha na bei ya gari. Jumla ikilingana na bei ya gari lililotunzwa, unafuu haupo tena. Akinunua, aandike kila matengenezo, tarehe na kilometa. Siku ya kuuza, daftari hilo litamsaidia kutetea bei yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.