Uchafu Unaoota Ziwani

Mzee mmoja wa skimu alikuja ofisini kwetu amekasirika. "Bwana Karani," akasema, "mimi sina kiwanda, wala choo changu hakiko mtoni. Nawezaje kuambiwa kwamba nachafua Ziwa Victoria?"

Ndugu wakulima, uko uchafu ambao hauletwi ziwani na mtu. Huota humo humo. Mwani ni mimea midogo mno, isiyo na mizizi wala majani, ielayo majini na kuyageuza rangi ya kijani. (Usiuchanganye na gugumaji lile lenye maua ya zambarau.) Kama mahindi, mwani hutaka mbolea, hasa fosforasi. Ukiipata pamoja na jua huongezeka upesi sana, kisha hufa, huzama na kuoza. Kuoza huko hula hewa ya oksijeni iliyomo majini, ile ile wanayovuta samaki. Kilo 1 ya fosforasi yaweza kuotesha mwani ambao ukioza humaliza karibu kilo 140 za oksijeni. Na gunia la DAP la kilo 50 lina fosforasi kama kilo 10!

Fosforasi hushikamana na udongo. Mvua kubwa ikipiga shamba lisilo na matuta upande wa Koru au Muhoroni, udongo huingia mto Nyando, na Nyando humwaga katika Ghuba ya Winam. Ghuba hiyo ina kina kifupi, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu ni mwembamba. Miji nayo humwaga maji ya vyoo humo, kwa hiyo lawama si ya mkulima peke yake. Wataalamu walipima ziwa mwaka 1960 na 1961. Wenzao waliopima tena kati ya 1989 na 1991 waliona mwani unaota kiasi cha mara 2 ya zamani.

Mwani wa namna nyingine una sumu. Maji yenye utando wa kijani usiwanyweshe ng'ombe, wala usiyanywe mwenyewe hata yakichemshwa, maana moto hauiondoi sumu hiyo.

Mzee akauliza afanye nini. Nikamwambia mbolea aitie shimoni, aifunike kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu. Achimbe matuta ya kukinga mteremko. Na ukingo wa mto asiulime, auachie majani.

"Lakini ukingo ndio wenye rutuba kupita shamba lote," akasema.

Nikamwuliza rutuba hiyo ilitoka wapi. Alinyamaza kidogo, akatazama dirishani, kisha akauliza Bwana Shamba atakuja lini kumpimia matuta.