Disiki ikikataa kuandikwa, usiilazimishe

Leo siongelee udongo wala mbegu. Naongelea mashini, juu wengi wetu tuko tunaandika memware.

Usiku moja hapa Bukavu, nilikuwa naingiza vipimo vya maharagwe kutoka Kabare, msimu A na msimu B. Mwaka muzima wa kazi, na shamba lililokwisha kuvunwa halipimwi tena. Nikabonyeza kuhifadhi, Linux ikanijibu: « Système de fichiers accessible en lecture seulement ». Kusoma ndiyo, kuandika hapana.

Rafiki akaniambia: "Ndugu, fanya formataji tu!" Ningemusikia, leo ningekuwa nalia.

Kumbe mashini haikuwa na ukaidi. Kiini cha Linux kikikuta kosa ndani ya mpangilio wa fishie, kinaweza kufunga mlango wa kuandika ili uharibifu usienee. Kwenye Ubuntu, agizo hilo liko ndani ya /etc/fstab: errors=remount-ro. Ni sawa na mnyauko wa migomba: ukiuona shambani, kwanza unakataza machipukizi kutoka, kisha unatafuta chanzo.

Basi nilifuata hivi:

1. Soma ujumbe vizuri. « Aucun espace disponible » ni disiki imejaa. « Permission non accordée » ni ruhusa. Hayo ni magonjwa mengine.

2. Nakili kazi yako kwenye kle USB mbele ya kupima chochote. Kusoma bado kunawezekana, lakini pengine si kwa siku nyingi.

3. Andika sudo dmesg. Ukiona "EXT4-fs error" peke yake, kisha umeme ulikatika gafula, pengine ni mpangilio tu umevurugika. Ukiona pia "I/O error", shuku disiki yenyewe ao waya yake.

4. Andika sudo smartctl -a /dev/sda (jina la disiki yako linaweza kuwa lingine). Current_Pending_Sector ikipita sifuri, kuna sehemu disiki inashindwa kusoma. UDMA_CRC_Error_Count ikiendelea kupanda, angalia kwanza waya na kiungio.

5. Fsck ije mwisho. Anzisha mashini kwa kle USB, usiiendeshe juu ya sehemu inayotumika. Na kama disiki inakufa, fsck haiifufue.

Kwangu, sehemu mbovu zilikuwa 16 usiku ule. Kesho yake zikawa 40. Nikanunua disiki ingine. Nilipoteza tu mistari ya ile saa ya mwisho, nikaiandika tena kutoka daftari la shambani.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nanakili kazi yangu mahali pawili. Wewe nakala yako ya mwisho ni ya lini? Kama unafikiri kwanza mbele ya kujibu, inuka ufanye ingine sasa hivi.